Msimu wa Barafu, Shimanzi

Daftari hili lilikuwa la hesabu za magunia.
Nilizichana kurasa za mbele, nikaandika juu:
Kiwanda cha Barafu. Magongo. Daraja la Pili. Hamsini na tatu.
Kalamu nilipewa mimi
kwa kuwa mguu wangu wa kushoto haukufaa kukimbia.

Lalji alilipa hivi: mkishinda, shilingi tano kila mtu;
sare, shilingi mbili na soda;
mkifungwa, bonge la barafu, ulichukue kwenu
ndani ya gunia la unga wa mbao.
Kutoka Shimanzi hadi Majengo kwa miguu
bonge hushuka likawa kimo cha ngumi.
Mama yake Mwachiti alikunywa maji baridi mara saba.
Huo ndio msimamo wa ligi, kwa asiyejua kusoma.

Forodha tuliwachapa tatu kwa moja, Tononoka, mvua ikinyesha.
Posta walitufanya watoto.
Gurdev seremala ndiye aliyekunja magongo yetu,
mti wa mforosadi juu ya mvuke wa birika,
na Caetano, winga wa kulia, alikimbia
shati limechomekwa kama anayechelewa misa.
Langoni Mwinyihatibu, mpakia mabonge.
Hakuogopa mpira. "Kigumu ni kibarua," alisema,
"huu ni tunda tu, na mimi nina njaa."

Mwezi wa saba ikafunga gati meli ya ngano.
Baharia mmoja, shingo nyekundu kama pweza aliyechemshwa,
alikuja uwanjani akacheka mpaka akaketi chini.
Kwao, alisema kwa mikono na kwa Kiingereza cha kutafuna,
magongo huchezwa juu ya maji yaliyoganda,
viatu vina visu,
na yeye mwenyewe alilipwa msimu mmoja,
timu ndogo ya mji wa viwanda vya karatasi,
dola kumi na mbili kwa wiki. Meno manne yalibaki kule.
Akafunua mdomo. Mwinyihatibu akafunua wake.
Wakahesabiana mapengo kama watu wanaolipana deni.
Lalji yeye aliuliza jambo moja:
"Barafu yote hiyo, nani analipa?"

Usiku, zamu ya pili, bila kumwomba mtu ruhusa,
tuliyalaza mabonge ishirini na nne sakafuni, ubavu kwa ubavu,
tukamimina maji kwenye nyufa, yakashika.
Amonia ikitukereketa macho. Magunia tumeyafunga miguuni.
Mghanga, mzaliwa wa Taita kwenye ukungu, alisimama wima
sekunde tatu, akatuaga.
Gurdev aliteleza na kilemba chake hadi mtamboni.
Baharia alicheza peku, akilia kwa furaha au kwa baridi.
Na mpira, mpira haukudunda wala haukusugua,
ulikwenda tu, ulikwenda,
kama jina la mtu unayemjua
linalopita nyuma ya meno na kukataa kutoka.
Adhana ya alfajiri ilitukuta maji yako vifundoni.
Niliandika: sifuri kwa sifuri, wote wameanguka.

Lalji alimkata kila mtu shilingi moja.
Baharia hakukatwa. Meli yake iliondoka saa nne.

Mechi ya mwisho, Reli, uwanja wao.
Tulihitaji sare tu tusishuke.
Nililiweka daftari juu ya gunia la barafu, kipumbavu,
nikasimama kumpigia Caetano kelele,
na niliporudi wino ulikuwa umekwenda zake.
Ukurasa umebakiza mapumziko: Reli mbili, sisi moja.
Chini yake kuna doa la buluu, umbo la figo.

Mwachiti anaapa ilikuwa mbili kwa mbili.
Mghanga, katika barua yake kutoka Wundanyi,
anasema tatu kwa mbili, na refa alikuwa shemeji wa mtu.
Mwaka uliofuata hapakuwa na timu ya kumuuliza;
Lalji alikwisha kuuza kiwanda, mitambo na majina yetu.

Nilikwenda kwa mama yake Mwachiti, macho hayaoni tena.
Nikamtajia ile siku, Jumapili, ya Reli.
Alifikiri kwa muda mrefu, akalamba midomo.
"Siku ile," alisema, "tulikunywa maji ya mtungi."